Vimelea vya Seli Moja katika Chaza: Namna Vinavyotambuliwa na Kuainishwa

Wakazi wa pwani yetu wanamfahamu vyema chaza, mnyama mwenye magamba mawili ajishikizaye kwenye miamba na mizizi ya mikoko, ambaye akina mama humwendea na vikapu vyao wakati maji yamekupwa. Pamoja na kombe, kome na konokono wa baharini, chaza yumo katika kundi kubwa la wanyama wenye miili laini liitwalo moluska. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba mnyama huyu naye huugua, na kwamba baadhi ya maradhi yake makubwa huletwa na viumbe vya seli moja ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Chaza hakifuati chakula chake, bali hufungua magamba, akavuta maji na kuyachuja. Njia hiyohiyo impatiayo riziki ndiyo humwingizia vimelea.

Makala haya yana nia ya kumweleza msomaji namna wataalamu wanavyovitambua vimelea hivyo, wanavyovipa majina na kuvipanga katika makundi. Huenda msomaji akauliza: kazi ya kupanga majina ya Kilatini ina manufaa gani kwa nchi yenye mahitaji mengi? Jibu letu ni kwamba jina la kimelea si pambo. Ndani yake mna habari za asili yake, namna kinavyoenea, na mahali pa kukiwekea kizuizi. Jina likikosewa, kinga nayo yaweza kukosewa. Tutalithibitisha neno hili kwa kisa cha kimelea kimoja ambacho, katika muda wa miaka 50 hivi, kilihamishwa kutoka kundi hadi kundi mara kadhaa.

KISA CHA LOUISIANA

Jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, linapakana na Ghuba ya Meksiko. Huko watu wengi wamekuwa wakipata maisha yao kwa kupanda chaza, yaani kuwatandaza chaza wachanga katika sehemu maalumu za ghuba na kuwavuna wanapokua. Katika miaka ya 1930 na 1940 wapandaji waliona chaza wao wakifa kwa wingi, hasa majira ya joto. Wakati huohuo makampuni ya mafuta yalikuwa yakichimba visima katika ghuba hizohizo. Wapandaji wakaamini kwamba mafuta ndiyo yaliyowaua chaza, nao wakaenda mahakamani kudai fidia.

Makampuni yaligharimia utafiti uliosimamiwa na taasisi ya utafiti ya chuo cha Texas A&M. Miongoni mwa wataalamu walioifanya kazi hiyo alikuwamo John G. Mackin. Katika nyama ya chaza waliokuwa wakifa, watafiti waliona seli ndogo za mviringo. Ndani ya kila seli mlikuwa na uwazi mkubwa uliokisukuma kiini pembeni, hata seli ikafanana na pete yenye kito. Mwaka 1950 Mackin, pamoja na H. Malcolm Owen na Albert Collier, walikitangaza kimelea hicho kwa jina la Dermocystidium marinum. Waliliteua jina hilo kwa sababu seli hizo zilishabihiana na vimelea vya samaki na vyura vilivyokuwa na jina hilo, navyo vilidhaniwa kuwa jamii ya kuvu. Hadi leo maradhi hayo huitwa "Dermo" na wavuvi wa Marekani.

Muda si muda kimelea kikaonekana pia katika ghuba za mbali, zikiwamo zile ambazo hazikuwa na visima vya mafuta. Hatusemi kwamba mafuta hayawadhuru viumbe vya baharini. Ushahidi wa madhara yake ni mwingi. Tunasema tu kwamba vile vifo vya kila mwaka wa joto vilikuwa na chanzo kingine, na kwamba bila ya kukitambua chanzo hicho wapandaji wangeendelea kupata hasara hata kama visima vyote vingefungwa.

USHAHIDI WA HADUBINI

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kutazama. Kipande cha nyama ya chaza hulowekwa katika dawa ya kuzuia kuoza, kikafunikwa kwa nta, kikakatwa vipande vyembamba vya unene wa mikroni tano au sita (mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita), kisha kikatiwa rangi. Mtazamaji huangalia mambo manne: umbo la seli na ukubwa wake, idadi ya viini, namna seli inavyojigawa, na mahali inapokaa, kama ni katika chembe za damu, matamvua, utumbo au tezi ya kumeng'enyea chakula.

Njia hii ni ya lazima, lakini ina hila zake. Nakumbuka nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilimpelekea mwalimu wangu kipande nilichokuwa na hakika kwamba kimejaa vimelea. Alitazama kwa muda, akaniuliza kama nimewahi kuitazama vizuri damu ya chaza mzima. Nilichokuwa nimekihesabu kwa usiku mzima kilikuwa ni chembe za damu za chaza mwenyewe, zilizokuwa zimemeza mabaki ya chakula. Tangu siku hiyo nawaagiza wanafunzi wangu wajifunze kwanza sura ya chaza mwenye afya, ndipo waanze kumtafuta adui.

Kwa upande wa Dermo, njia rahisi zaidi ilipatikana mwaka 1952. Mtafiti Sammy M. Ray alichukua kiowevu kilichokuwa kikitumiwa katika maabara kukuzia bakteria, kiitwacho thioglikoleti, akakitia viuavijasumu, kisha akaweka ndani yake vipande vya matamvua na utumbo wa chaza. Baada ya siku chache gizani, seli za kimelea zilizokuwa na upana wa mikroni chache tu zilikuwa zimevimba mara nyingi kupita ukubwa wake wa mwanzo. Zikidondoshewa iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, rangi ileile aionayo mwanafunzi wa sekondari anapodondosha iodini juu ya kipande cha muhogo. Kwa njia hii hata maabara yenye vifaa vichache huweza kupima chaza wengi kwa gharama ndogo, nayo ingali ikitumika duniani kote.

Hata hivyo, kipimo cha Ray hueleza tu kwamba kimelea ni cha ukoo huo. Hakiwezi kueleza ni spishi ipi, wala hakikujibu swali kubwa lililobaki: je, kiumbe huyu kweli ni kuvu?

KUTOKA KUVU HADI JIRANI WA MALARIA

Mwaka 1966 Mackin na Ray walikihamisha kimelea chao. Walikuwa wameona seli zilizoonekana kuteleza, na kwa hiyo wakakiweka karibu na viumbe vinavyotambaa juu ya nyuzi za utelezi, wakakiita Labyrinthomyxa marina. Jina hilo nalo halikudumu.

Ufumbuzi ulitokana na hadubini ya elektroni. Seli zilizovimba katika kiowevu cha Ray zikirudishwa katika maji ya bahari, kila moja hujigawa mara nyingi na kutoa mamia ya seli ndogo zinazoogelea kwa mijeledi miwili. Mwaka 1976 Frank O. Perkins alionyesha kwamba kwenye ncha ya seli hizo mna vifaa vya ajabu: vijineli vilivyopangika kama koni iliyo wazi upande mmoja, pamoja na vifuko vyembamba vinavyoelekea mbele. Vifaa vya namna hiyo vilikuwa vikijulikana vyema mahali pengine. Ndivyo vimelea vya malaria huvitumia vinapoingia katika chembe nyekundu za damu ya binadamu. Mwaka 1978 Norman D. Levine aliunda jenasi mpya kwa heshima ya Perkins, akakiita kimelea hicho Perkinsus marinus, na kukiweka katika faila ya Apikompleksa pamoja na Plasmodium, kimelea cha malaria.

Miaka ya 1990 ilileta shahidi mwingine, yaani DNA, ile asidi ya urithi iliyomo katika kila kiumbe. Wataalamu walipolinganisha mpangilio wa jeni, waliona kwamba Perkinsus si Apikompleksa halisi. Kinakaa katika tawi lililo karibu zaidi na dinoflajeleti, viumbe vya seli moja vya majini ambavyo baadhi yake huibadili bahari ikawa nyekundu. Mwaka 1999 kikundi chake kilipewa jina lake chenyewe, Perkinsozoa. Kwa maneno mengine, kimelea cha chaza na kimelea cha malaria ni watoto wa babu mmoja wa kale, na dinoflajeleti ni wa ukoo huohuo. Hata mabaki ya asili hiyo yapo: kimelea cha malaria kina kiungo kidogo kilichorithiwa kutoka kwa mababu waliojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na dalili za urithi kama huo zimeonekana katika Perkinsus pia.

Yafaa kuongeza kwamba hata lile jina la kwanza, Dermocystidium, baadaye liligunduliwa kuwa si la kuvu. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, DNA ilionyesha kwamba viumbe vyenye jina hilo viko karibu na shina la wanyama. Basi kosa la mwaka 1950 lilikuwa la namna mbili, wala halikutokana na uzembe. Watu wale walitumia kwa uaminifu shahidi pekee waliyekuwa naye, yaani umbo. Na umbo la duara ni vazi livaliwalo na viumbe wengi wasio na udugu.

MAKUNDI MAKUU

Mbali na Perkinsus, yako makundi mengine ambayo mchunguzi wa moluska hana budi kuyafahamu.

Haplosporidia. Vimelea hivi huanza kama seli kubwa yenye viini vingi, na baadhi hutoa spora zenye tundu lililofunikwa kwa kifuniko. Mashuhuri miongoni mwao ni Haplosporidium nelsoni. Mwaka 1957 kiliwaua chaza wa Ghuba ya Delaware, Marekani, kwa wingi wa kutisha. Kwa kuwa hakuna aliyekijua, kiliitwa "MSX", ambapo M na S ni vifupisho vya tufe lenye viini vingi na X ni alama ya kisichojulikana. Jina rasmi halikupatikana hadi mwaka 1966.

Bonamia. Hivi ni vidogo mno, vya mikroni mbili hadi tano, navyo hukaa ndani ya chembe za damu. Bonamia ostreae kilionekana mwaka 1979 katika pwani ya Brittany, Ufaransa, kikamwangamiza chaza bapa wa Ulaya. Ingawa hakitoi spora za kawaida, chembechembe zilizomo ndani yake zilifichua udugu wake na Haplosporidia, na DNA ikauthibitisha.

Marteilia. Hiki hukaa katika tezi ya kumeng'enyea chakula. Alama yake ni seli ndani ya seli: seli mama huwalea wana ndani yake, na wana nao huwalea wajukuu kabla hawajatoka nje. Marteilia refringens ilielezwa huko Ufaransa mwaka 1974.

Mikrocytos. Kimelea hiki cha pwani ya magharibi ya Kanada kilibaki fumbo kwa muda mrefu, kwa sababu hakikuonekana kuwa na mitokondria, viungo ambavyo kwa kawaida huipa seli nguvu. Mwaka 2013 uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba nacho ni jamaa wa Haplosporidia.

Msomaji ataona kwamba makundi haya matatu ya mwisho yanasogeleana na lile la Haplosporidia, lakini yako mbali sana na Perkinsus. Kwa chaza anayekufa tofauti hii haina maana. Kwa mfugaji ina maana kubwa, kama tutakavyoonyesha.

MARADHI MAWILI, MASHAURI MAWILI

Katika ghuba za Delaware na Chesapeake, Perkinsus marinus na Haplosporidium nelsoni hupatikana pamoja. Mfugaji aonacho ni kimoja: chaza waliokonda, magamba yakiwa wazi, nyama ikioza. Laiti angesema, "Maradhi ni maradhi," angeweza kupotea vibaya.

Perkinsus huenea kutoka chaza hadi chaza kwa njia ya maji. Kwa hiyo shauri lifaalo ni kutopanda chaza wachanga kando ya wakubwa walio wagonjwa, na kuvuna mapema kabla ya joto kuwakamilishia vimelea kazi yao. Haplosporidium nelsoni, kwa upande wake, hakijaweza kuambukizwa katika maabara kwa kuwaweka chaza wagonjwa pamoja na wazima. Wataalamu wanashuku kwamba kuna kiumbe mwingine anayekibeba katikati ya safari. Kuwatenga wagonjwa peke yake hakutoshi kukizuia.

Tofauti nyingine ni ya chumvi. Maji ya bahari kuu yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Chaza wenye H. nelsoni wakihamishiwa mahali penye mto, ambapo chumvi imeshuka chini ya gramu 10, kimelea hushindwa kustahimili na chaza huweza kupona. Perkinsus hupunguza makali katika maji kama hayo, lakini hakifi. Hujibanza na kungoja. Mfugaji anayewahamisha chaza wenye Dermo kwenda mtoni, akidhani anawatibu, huenda anapeleka maradhi mahali ambapo hayakuwapo. Hilo ndilo kosa lizaliwalo na jina lisilo sahihi.

DNA NAYO ISIAMINIWE PEKE YAKE

Siku hizi maabara nyingi huweza kukuza kipande cha DNA ya kimelea na kukisoma. Faida yake ni kubwa. Mwaka 1981 kimelea cha konokono wa baharini wa Australia ya Kusini kiliitwa Perkinsus olseni, na mwaka 1989 kingine cha kombe wa Ureno kikaitwa Perkinsus atlanticus. Wenyeji ni tofauti, na bahari ni tofauti. Hata hivyo, mwaka 2002 ulinganisho ulionyesha kwamba ni spishi moja. Kwa kanuni ya majina, la zamani ndilo lililobaki. Vilevile, mwaka 2000 DNA ilitoa habari nzito kuhusu MSX: kimelea kile kilichowaua chaza wa Marekani ni kilekile kilichomo katika chaza wa Pasifiki huko Korea na Japani, ambaye hakimsumbui sana. Hakikuzaliwa Delaware, kilihamia huko kutoka Asia.

Pamoja na hayo, tukumbuke kwamba chaza ni mchujaji. Katika utumbo wake hupita mabaki ya viumbe wengi, wakiwamo waliokufa. DNA ikipatikana, inathibitisha kuwa kimelea kilipita, si lazima kwamba kiliishi na kuzaana ndani ya nyama. Kwa hiyo wataalamu hudai ushahidi wa pamoja: kimelea kionekane katika nyama, madhara yake yaonekane, na DNA ikubaliane navyo.

YANATUHUSU NINI?

Vimelea tulivyovitaja havimdhuru mtu amlaye chaza; hasara yake ni ya riziki. Pwani ya Afrika Mashariki ina chaza wa miamba wengi, na huko Fumba, Unguja, akina mama wamejaribu kuwafuga chaza wa lulu. Ufugaji ukikua, hamu ya kuagiza mbegu kutoka nje, au kuzihamisha kutoka ghuba moja hadi nyingine, nayo itakua. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeviweka P. marinus, P. olseni, aina mbili za Bonamia na M. refringens katika orodha ya vimelea vya kutolewa taarifa, kwa sababu mara nyingi njia yao ya kuvuka bahari imekuwa mkono wa binadamu.

Basi chaza wakianza kufa mahali fulani, tusisubiri wataalamu wa mbali. Wachukuliwe wale walio dhaifu lakini hai, kwa maana chaza aliyekwisha kuoza hana ushahidi tena. Sehemu moja ya nyama iwekwe katika fomalini kwa ajili ya hadubini, na sehemu nyingine katika alkoholi kali kwa ajili ya DNA, kwa sababu fomalini huiharibu. Ziandikwe tarehe, mahali, joto la maji na kiasi cha chumvi. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, yahitaji utaratibu.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Wapandaji wa Louisiana walimshitaki waliyemwona, kwa kuwa aliyewaua chaza wao hakuwa na jina. Sisi tunayo majina hayo tayari, yaliyopatikana kwa kazi ya miaka mingi na makosa mengi ya watu waaminifu. Litakuwa jambo la kusikitisha iwapo tutayaacha vitabuni na kuagiza mbegu ya kwanza bila ya kuipima.